Mimea inakufa kwa nyumba mpya? Kabla ukimbie agroveti, kagua hivi

Kama umehamia kwako juzi juzi, iwe ni Utawala, Ruai, Kahawa ama hata huko Karen, na mimea imeanza kugeuka manjano ama kujikunja ama kukauka ncha, naomba kitu kimoja tu, usinunue dawa leo. Najua venye inauma. Umekaa miaka kwa nyumba za kukodisha ukipanda dania kwa mkebe wa rangi, sasa umepata kaploti kako, umenunua ndimu, parachichi, bougainvillea ya kufunika ukuta, halafu miezi mitatu ikipita hakuna kinachopendeza.

Sisi tuliingia kwetu Utawala mwezi wa kumi na moja, mvua ya vuli inanyesha, na kufika Februari ndimu yetu ilikuwa imetoa majani ya manjano yenye mishipa ya kijani. Nikaenda agroveti nikapewa dawa ya wadudu, nikapuliza, wiki mbili hakuna kitu, nikarudi nikapewa ya ukungu, nikapuliza tena, kisha nikaongezwa fatalaiza ya majani, na ndimu inazidi tu kufifia. Siku moja mama anayeuza miche kando ya barabara akaniletea miche ya sukuma hadi kwa geti, akaiangalia ile ndimu kidogo tu, hata jani hakushika, akaniuliza, "Dada, hapo si ndipo mafundi walikuwa wanachanganyia simiti?" Nikamwita mzee wangu na jembe. Hata futi moja hatukufika, tukagonga sahani ngumu ya simiti na chokaa, na mizizi ya ndimu imejipinda juu yake kama imefika mwisho wa dunia.

Tangu siku hiyo nimekagua bustani za jirani, za dada yangu, za watu wa kanisa, na nimeona kwa nyumba mpya shida nyingi si ugonjwa hata kidogo. Ni mjengo, ni maji, ni venye mche ulipandwa. Wadudu na magonjwa yapo, tutafika, lakini fuata huu mpangilio ju ukianza na dawa utatibu kitu hakipo huku mmea unakufa na kile kiko.

Hatua ya kwanza, piga picha

Mmea wote ukiwa umesimama mbali, halafu jani moja karibu, juu na chini. Andika tarehe. Kama ulipanda chini ya mwezi mmoja uliopita na majani machache ya chini yanaanguka lakini ncha bado inachipua, huo ni mshtuko wa kuhamishwa tu, mpe maji ya kutosha na kivuli kidogo cha mchana, achana nao.

Hatua ya pili, jua ploti yako ilikuwa nini

Hapa ndo nitakaa sana ju ndo penye watu hawaangalii. Nairobi ina udongo wa tabia mbili tofauti kabisa. Upande wa Karen, Kabete, Runda na kuelekea Kiambu ni ule mwekundu, maji hupita vizuri, lakini mara nyingi una asidi na hushika fosforasi isiwafikie mimea. Upande wa Embakasi, Utawala, Ruai na kushuka Syokimau ni ule mweusi wa kunata, ambao mafundi huuchimba na kuubeba kabla ya kumwaga msingi. Mvua ikija unafura na kushika maji kama beseni, jua la Januari likipiga unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na zile nyufa zinakata mizizi. Kwa hivyo ushauri wa shangazi yako anayekaa Kikuyu, kwa udongo mwekundu, unaweza kuwa sawa kabisa kwake na ukaua parachichi yako Ruai.

Juu ya huo udongo kontrakta naye ameweka vyake. Kokoto, maramu, vipande vya tiles, mifuko ya simiti iliyogandamana, rangi, halafu siku ya kukabidhi nyumba analetewa lori la udongo mzuri anautandaza inchi nne juu, anaweka nyasi, unaona kijani unalipa. Chukua jembe, chimba mashimo matatu ya futi moja na nusu, moja karibu na ukuta, moja katikati, moja penye mmea mgonjwa, uangalie mwenyewe. Karibu na ukuta ndo pabaya zaidi ju plasta yote iliyoanguka iko hapo.

Kama hujui ni chokaa ama ni mchanga wa kawaida, chukua udongo mkavu kijiko viwili kwa kikombe, mwagia siki ya jikoni. Ukitoa povu na kutoa sauti kama soda, una chokaa ama simiti ndani. Udongo kama huo hufungia madini ya chuma, yamo ndani lakini mzizi hauwezi kuyachukua, ndo unaona majani machanga yanatoka manjano huku mishipa imebaki kijani. Hakuna dawa ya kupuliza itamaliza hiyo. Toa ule uchafu, jaza udongo safi na mboji, ama hamisha mmea.

Jaribio lingine ni la maji. Lile shimo la futi moja na nusu lijaze maji, liache linywe, jaza tena jioni. Asubuhi ukiamka ukute bado kuna maji, hapo mti wa matunda hautaishi ukiupanda chini sawa na ardhi. Inua tuta, futi moja ama moja na nusu, pana kama meza, upande juu yake. Parachichi hasa, mizizi yake ikikaa kwa maji huoza na ule ukungu wa mizizi huushika, unaona majani yamekuwa madogo, yamekwajuka, yananing'inia na udongo uko unyevu, mtu anafikiri una kiu anaongeza maji, ndo anaumaliza.

Hatua ya tatu, ni mmoja ama ni wote?

Simama kwa geti uangalie bustani nzima kama mgeni. Ukiona mimea ya aina tofauti, rosi, sukuma, nyasi, zote zimeharibika upande mmoja kwa wakati mmoja, hiyo karibu kila wakati si ugonjwa. Magonjwa na wadudu wengi huchagua, ukungu wa rosi hauna haja na sukuma yako. Kitu kikigonga wote pamoja tafuta maji yenye chumvi, dawa ya magugu, septiki inayovuja, ama mbolea mbichi. Dawa za magugu za aina fulani zina alama yake, majani machanga yanatoka yamejikunja na kusokotwa kama kamba. Jirani amepuliza njia yake ya kabro siku ya upepo, ama mtu wa shamba amechukua ile ile pampu ya magugu akawekea dawa ya nyanya. Weka pampu mbili, andika moja kwa rangi nyekundu, na usiruhusu ziingiliane.

Mbolea nayo, ile ya ng'ombe inayoletwa na magunia, ishike. Kama bado ina joto ndani na inanuka mkojo haijaiva, itachoma mizizi, na mmea utaonekana kama umepigwa na jua kali. Irundike, ifunike, igeuze, ikae hadi inuke kama udongo wa msituni.

Lakini ukiona aina moja tu inaugua, na ilianza na mmea mmoja ukaambukiza wa pili halafu wa tatu, sasa hapo ndo tunaanza kuongea ugonjwa ama wadudu.

Hatua ya nne, majani gani yameanza

Hii ni kama kusoma mkono. Mmea ukikosa naitrojeni unanyang'anya majani ya zamani uwape watoto, kwa hivyo majani ya chini yanageuka manjano yote sawasawa kwanza. Majani ya chini yakiwa manjano katikati ya mishipa lakini mishipa ni kijani, fikiria magnesiamu. Kingo za majani ya zamani zikiungua kahawia, potasiamu. Majani machanga ya juu yakianza ndo ni ile ya chuma niliyosema. Rangi ya zambarau chini ya majani ya nyanya ama mahindi ni fosforasi, lakini angalia kalenda, kati ya Juni na Agosti Nairobi ni baridi na mawingu wiki nzima, mizizi inashindwa kuchukua fosforasi hata kama iko, jua likirudi Septemba majani mapya yanatoka kijani yenyewe.

Ukitaka kuwa na uhakika wa udongo, hasa kama unataka kupanda miti mingi, kuna maabara ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete wanapima. Usichukue udongo wa shimo moja, chota mahali kama kumi, changanya kwa ndoo safi, peleka kama nusu kilo.

Hatua ya tano, geuza jani

Karibu maovu yote yako chini ya jani. Beba karatasi nyeupe, shika tawi uligonge juu ya karatasi, subiri kidogo. Vitu kama vumbi vikianza kutembea ni utitiri, ukivisugua kwa kidole vinaacha alama nyekundu, na huja sana Januari na Februari wakati wa vumbi na ukavu, majani yanakuwa na vitone vidogo vidogo na utando mwembamba. Vidude virefu vyembamba vinavyokimbia ni thripsi, hao huacha mikwaruzo ya rangi ya fedha. Ukigusa mmea na vijidudu vyeupe vikaruka kama unga, hao ni inzi weupe. Vidukari vyenyewe vinajionyesha, vimejazana kwa ncha changa za sukuma.

Ukiona sisimizi wamepanga laini wakipanda ndimu ama mpera, wafuate. Wanakwenda kuchunga kitu, vidukari ama vile vidude vyeupe kama pamba, ju wanakula ule utomvu mtamu wanaotoa. Na ukiona majani yamepakwa masizi meusi kama ya sufuria ya kuni, usitibu masizi, ni ukungu unaomea juu ya huo utomvu. Ondoa mnyonyaji, masizi yataisha.

Kwa hawa wote anza na maji ya mpira yenye nguvu, wapige chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo. Wakibaki, sabuni ya maji ya kuosha vyombo kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jaribu kwanza kwa jani moja usubiri siku moja, puliza jioni jua likiwa limeshuka. Sabuni ya unga usitumie, inachoma. Mafuta ya mwarobaini pia hufanya kazi vizuri lakini lazima urudie.

Ndimu na machungwa kuna kitu nataka uangalie kwa makini sana. Ukiona majani machanga yana vivimbe juu kama upele, na chini kila kivimbe ni kishimo chenye kidudu bapa cha manjano, huyo ni trioza, yuko sana huku kwa nyanda za juu kama kwetu. Vivimbe vyenyewe haviui mti. Shida ni kwamba anabeba ugonjwa wa grini, na huo hauna tiba. Mti wenye grini majani yanakuwa na madoa ya manjano yasiyolingana, upande huu hivi upande ule vile, matunda yanabaki madogo, yamepinda upande mmoja, machungu. Huo mti ung'oe mapema ju utaambukiza wa jirani. Kwa hivyo kata ncha zenye vivimbe zikiwa changa, zifunge kwa mfuko, na ukinunua mche wa ndimu kagua majani kabla hujatoa pesa, ukiona vivimbe rudisha.

Wengine hutawaona mchana. Ukiamka ukute mche wa sukuma umekatwa shingo umelala chini, chimbua udongo kwa kidole hapo hapo, utampata sota, yule kiwavi anayekata miche, amejikunja. Majani yenye matundu na ute unaong'aa ni konokono, toka na tochi saa tatu usiku uwaokote.

Ua la msipresi, yaani fensi, likikauka kahawia kwa mabaka, fungua matawi ya ndani utafute vidukari vya kahawia, hao waliingia Kenya mwaka wa 1990 na walimaliza msipresi wengi sana. Na usikate ua hadi kwa mbao kavu ya ndani ukitegemea litachipua, msipresi hauchipui hapo.

Hatua ya sita, mizizi na shina

Kama majani hayajakuambia kitu, shuka chini. Fukua taratibu penye shina linaingia ardhini. Nimekuta miti mitatu kwa estate moja, imepandwa na watu wa kutengeneza bustani, bado iko ndani ya ile karatasi nyeusi ya mche. Mwaka mzima. Mizizi imejizungusha kama uzi wa sweta na mti umedumaa, wenye nyumba wakidhani ni udongo. Toa karatasi, kata mizizi iliyozunguka, panda upya, shina lisizikwe kuliko lilivyokuwa kwa kitalu.

Mizizi mizima ni myeupe ama ya kahawia hafifu, ngumu kidogo. Ikiwa nyeusi, laini, inanuka, imeoza kwa maji. Ikiwa na vinundu kama shanga zisizopangika, na ni nyanya ama pilipili, hao ni minyoo fundo wa udongoni. Usichanganye na maharagwe, maharagwe yana vinundu vyake vizuri vya naitrojeni, vinabanduka ukivisukuma kwa ukucha na ndani mara nyingi ni vya waridi.

Nyanya, managu, biringanya ama pilipili ikinyauka ghafla ikiwa bado kijani, fanya hili jaribio, ndo nalipenda kuliko yote. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, tulia dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwa mkato, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mmea na udongo wake wa karibu, usiweke kwa mboji, na hapo usipande tena nyanya, viazi wala managu kwa miaka kadhaa, weka sukuma, kitunguu ama mahindi. Nyuzi zisipotoka na ndani ya shina kuna mistari ya kahawia, huo ni mnyauko wa ukungu, dawa yake pia hakuna, kubadilisha mahali tu.

Kunyauka mchana halafu kusimama jioni mara nyingi ni joto. Kunyauka saa moja asubuhi, hapo kuna shida.

Hatua ya saba, maji

Mtaa mwingi mpya unatumia maji ya chumvi, na mgao wa maji ya kanjo ukichelewa ni hayo hayo wiki nzima. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floraidi na sodiamu, na baadhi ya mimea haiwezi, dracaena na ile ya majani marefu yenye mistari ya kuning'iniza zinakauka ncha kwanza. Angalia kwa chungu, ukiona ukoko mweupe juu ya udongo ama kando ya chungu ni chumvi. Kusanya maji ya mvua kwa tenki, hata dramu moja ya lita mia mbili inasaidia vyungu, na mara moja moja mwagilia maji mengi mazuri yapite hadi chini yaoshe udongo.

Halafu tumia kidole kabla ya kumwagilia. Ingiza hadi kiungo cha pili, kukiwa na unyevu usimwagilie hata kama juu ni kukavu. Nyanya inayooza kitako si ugonjwa, ni kumwagilia leo sana na kesho hakuna, kalsiamu haifiki. Na mwagilia asubuhi kwa udongo, si jioni juu ya majani, ju majani yakilala na maji ndo unakaribisha madoa meusi kwa rosi na blaiti kwa nyanya, hasa mwezi wa sita na wa saba.

Ikibidi dawa

Kuna siku itabidi. Blaiti ya baridi ikishika nyanya, madoa ya kijivu yanayoenea haraka na ukungu mweupe chini ya jani, usingoje. Toa majani yenye madoa, peleka jani kwa mfuko uliofungwa agroveti, useme ni la nini na limeanza lini, usiseme tu nipe dawa ya nyanya. Kwa chupa tafuta namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, na usome siku za kungoja kabla ya kuvuna, sukuma unayochuma kila siku tatu haiwezi kupulizwa dawa ya kungoja siku kumi na nne halafu mtoto aile jioni. Chupa ikiwa na mstari mwekundu chini, irudishe, hiyo si ya kwa boma lenye watoto.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukihamisha mti, ukabadilisha maji, ukaweka mbolea wiki moja, hutajua ni nini kilisaidia. Subiri wiki tatu, uangalie majani mapya tu. Yale ya zamani yaliyoharibika hayarudi kijani, watu wengi wanakata tamaa ju wanaangalia yale.

Ndimu yetu tuliitoa Machi mvua ya masika ilipoanza, tukatoa ile sahani yote, debe sita za uchafu, tukainua tuta na udongo mzuri na mboji. Mwezi wa nne haikufanya kitu. Mwezi wa tano mzee wangu aliniita nje asubuhi kabla ya chai, ncha tatu zilikuwa zimechipua, kijani hadi kwa kingo, nikageuza kila jani kuangalia vivimbe, hakukuwa na hata kimoja.